Si Mgongo

Kwa miaka kumi na minne, Mzanzibari akifariki Barking, kule London, simu ilikwenda kwa Harith. Kazi yake kuendesha basi. Akishuka kwenye basi, anaosha maiti. Kaosha wazee, kaosha vijana, na mwaka ule wa korona kaosha watu thelathini na mmoja, kajifunga plastiki mpaka shingoni. Watu walimsifu kwa neno moja: Harith hatetemeki.

Kisha akamwosha Matar, rafiki yake tangu utotoni. Baada ya hapo, akisikia maji yakimiminika, kifua kinambana na vidole vinakufa ganzi. Mkewe, Jokha, akimuuliza ana nini, "Mgongo." Msikitini wakimpigia simu, "Mgongo." Watu wakamhurumia, wakamletea mafuta ya kuchulia. Chupa saba zimejipanga juu ya friji.

Jumamosi hiyo mgongo haukumfaa. Marehemu alikuwa Mzee Khelef, mwalimu wake wa kuosha, na aliacha wosia: nioshwe na Harith.

Kwenye chumba cha kuoshea maiti alimkuta Suhaib, mwenzake wa kuosha siku zote, keshavaa glavu. Watoto wawili wa marehemu wamesimama pembeni.

"Haya, bwana mgongo! Leo umekuja nao au umeusahau kwenye basi?"

Suhaib akafungua bomba. Harith akaganda mlangoni.

"Funga maji."

"Mgongo tena?"

Harith akamtazama mzee pale juu ya meza. Angeweza kugeuka akaondoka, na hakuna ambaye angemlaumu.

"Si mgongo. Sijaumwa mgongo hata siku moja. Naogopa, Suhaib. Tangu Matar, nikisikia maji nahisi nakufa mie. Silali. Juzi nimefika kituo cha mwisho nikalia peke yangu ndani ya basi. Nataka kumwosha mzee wangu na siwezi. Nisaidieni."

Suhaib, mtu wa kutania hata matangani, hakutania. Akafunga bomba.

"Mie nalala na taa tangu korona," alisema. "Mke wangu nimemwambia naogopa panya."

"Panya?"

"Kanunua mitego minne, maskini."

Harith akacheka. Watoto wa marehemu nao wakacheka, huku machozi yanawatoka.

"Maji niachie mie," Suhaib akasema. "Wewe mshike mzee kichwa, unielekeze. Jumatatu twende kwa daktari. Sote wawili."

Wakamwosha. Harith alikishika kichwa cha mwalimu wake kuanzia mwanzo hadi mwisho, na mwenyewe akampaka kafuri kwenye paji la uso. Mikono ilitetemeka. Hakuificha.

Jumatatu, pale zahanati, Mumbi, Mkenya wa mapokezi, akauliza, "Shida ni nini, mzee?"

Kwenye foleni nyuma yao alikuwapo Bi Haifa wa msikitini, na Bi Haifa akijua jambo, Barking nzima imejua. Akadakia, "Mgongo wake huyo, masikini."

Harith akageuka, kifua mbele, akatoa ile sauti ya kuwasogeza abiria nyuma ya basi.

"Mgongo wangu mzima, Bi Haifa. Nina hofu na huzuni, sizimudu peke yangu. Nimekuja kutibiwa. Ukifika nyumbani, mwambie na mumeo."

Bi Haifa akasogea karibu na meza ya mapokezi. Kisha, taratibu, akauliza, "Kwani mnafungua saa ngapi hapa?"

"Saa mbili," Mumbi akajibu, kalamu mkononi. "Haya, naandika. Jina?"

"Harith."

"Na mie," Suhaib akasema. "Wa panya."