Pasi za Heshima

Kocha Desanka Marić hakuja Doha kufundisha mtu chochote. Alikuja kukaa na wajukuu, maana mwanawe alikuwa mhandisi na familia yake iliishi ghorofa ya juu kule The Pearl, mahali ambapo hata paka huonekana ametoka saluni. Mwezi haukuisha bibi wa watu akawa ameshachoka. Kiyoyozi kilimuumiza magoti, sofa zilimmeza, na wajukuu wenyewe walilelewa na simu zao. Stacy, Mkenya aliyefanya kazi ya nyumbani pale, alimhurumia. Ijumaa moja, siku ya mapumziko kule, baada ya ibada ya kanisani akamchukua hadi Al Rayyan, kwenye uwanja wa saruji ambako timu yao ya mpira wa kikapu ilifanyia mazoezi. Ilikuwa timu ya wanawake wa Kenya: walinzi, wauguzi na wafanyakazi wa majumbani.

Bibi alitazama mazoezi. Kisha akainuka, akauchukua mpira, akauweka chini ya kiti chake, akakaa. Wiki kadhaa hakuna aliyeugusa. Alianza kuwafundisha kusimama, kugeuka na kutua baada ya kuruka, kama watoto wanaoanza kutembea. Neno lake la kwanza la Kiswahili lilikuwa "miguu". La pili lilikuwa "tena", na hilo alilipenda mno.

Aliyenuna kuliko wote ni Jennifer, nahodha. Timu aliianzisha yeye. Kazini alikuwa mlinzi kwenye jumba la maduka, na kutwa nzima watu walimpita mlangoni kana kwamba yeye naye ni sehemu ya mlango. Uwanjani ndiko alikokuwa mtu. Nusu ya wale wasichana aliwapokea yeye walipofika Doha, akawatafutia blanketi, akawasongea ugali wao wa kwanza ugenini. Walimwita Mathe, yaani mama, na si kwa utani. Leo aje ajuza mwenye raba zilizochakaa amfundishe kusimama?

Lakini ukiona vyaelea, vimeundwa. Stacy alichimba habari kwa yule mhandisi, na mwana alipoanza kumsifu mama yake hakunyamaza. Desanka alizaliwa katika mji mdogo wa Serbia, binti wa fundi wa reli, akacheza kwenye uwanja wa udongo uliogeuka tope kila masika. Alipostaafu kucheza, timu ya wanaume wa kiwanda cha nyaya ilikosa kocha, naye akaenda kuiomba kazi. Mjini kwao hakuna mwanamke aliyewahi kuwafundisha wanaume. Walimcheka mpaka kwenye foleni ya mkate. Siku ya kwanza walifika wachezaji wanne tu, wengine wakabaki kilabuni wakinywa. Akawafundisha hao wanne kana kwamba ukumbi umejaa. Masika yalipofika, waliokuwa kilabuni walimwomba nafasi, na wengine aliwakatalia. Baadaye alizunguka Misri na Jordan akifundisha makocha, na mabinti waliopita mikononi mwake sasa wana timu zao wenyewe. Nasema wazi: mtu wa namna hiyo akikukalia mpira, wewe tulia tu ujifunze kusimama.

Hata Jennifer alilegea. Miguu yao ilianza kutii, wakaanza kushinda, na ikabaki timu moja tu ya kuwasumbua, ile ya Waganda wa mahotelini, waliowafunga kila mwaka. Mechi nao ilikuwa inakuja.

Hapo ndipo Kocha alipomwita Jennifer kwenye mkahawa mdogo pale Fereej Bin Mahmoud, akaagiza kahawa nzito, akamweleza kwa Kiingereza chake cha kuungaunga jambo aliloliona tangu siku ya kwanza. Wasichana hawakurusha kama Jennifer yuko uwanjani. Chebet, mdogo wao na mwepesi kuliko wote, aliweza kusimama peke yake chini ya kikapu, asiwe na wa kumkaba, na bado akamtafuta Mathe ampe mpira. Kwao ilikuwa adabu. Mtoto hachukui nyama kabla ya mkubwa. Waganda walishaigundua adabu hiyo, ndiyo maana waliweka watu wawili kwa Jennifer na kuwaacha wengine wajipigie soga.

Jennifer alikisukuma kikombe kando. Akauliza kama anatolewa kwenye timu.

"Nikikutoa mimi, watanichukia, na macho yao bado yatakutafuta," Kocha alisema. "Wale wanne wangu wa kwanza waliniheshimu sana. Kila kitu waliningojea mimi. Tukafungwa kila mechi. Heshima yao ilinibidi niivunje mwenyewe, na iliniuma kuliko kucheka kwa wale wengine."

Jennifer hakumaliza kahawa. Alirudi Al Rayyan na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na woga. Asipocheza, atakuwa nani katika mji huu?

Siku ya mechi alicheza. Tena alicheza kwa ukaidi, kama mtu aliyekuja kumuumbua kocha wake. Waganda wawili walimganda, mpira ukawa unamjia tu, mara ananyang'anywa, mara anarusha hovyo. Mara tatu Chebet alibaki wazi, na mara zote tatu akampa yeye. Mechi ilipokaribia kwisha walikuwa nyuma kwa pointi moja. Kocha akaomba mapumziko mafupi. Wakamzunguka wakihema. Bibi yule, ambaye hakuwahi kukosa la kusema, akamtazama Jennifer.

"Sema," alimwambia kwa Kiswahili.

Jennifer aliwataja wa kuingia. Stacy. Kawira. Daisy. Fiona. Alipofika wa tano alisita, kwa sababu mpaka hapo wote walijua anayefuata ni yeye mwenyewe.

"Terry," akasema, kisha akamgeukia Chebet aliyekuwa kwenye benchi akipumzishwa. "La, Terry ngoja. Chebet. Ingia wewe."

"Na wewe, Mathe?"

"Mimi nimeketi. Usinitafute."

Akaketi. Uchungu ulimpanda mpaka machoni, hakuuficha. Mpira ukazunguka, ukamfikia Chebet upande wa kulia, peke yake kama kawaida. Na kama kawaida msichana akainua kichwa kutafuta. Alitazama uwanjani, hakumwona. Akatazama benchi.

Jennifer aliinuka, akampa mgongo.

Ni vigumu kuueleza mgongo ule. Mwanamke mzima, amesimama akiutazama ukuta wa nyuma uliobanduka rangi, mechi aliyoingoja miaka yote ikiamuliwa nyuma yake. Akasikia mpira ukigonga chuma. Akasikia kimya. Kisha wanawake wa Kenya wakapiga vigelegele hadi madereva waliokuwa nje wakatoka kwenye magari yao.

Alipogeuka, Chebet alikuwa anamjia mbio, mikono wazi, akilia na kucheka. Jennifer alitamani kumkumbatia kuliko kitu chochote duniani. Badala yake alinyoosha kidole upande wa pili wa uwanja, ambako Waganda walikuwa tayari wanaingiza mpira.

"Rudi ukakabe," alisema. "Haijaisha."

Chebet akageuka papo hapo, akakimbia. Pembeni ya Jennifer, Kocha Desanka alikuwa amekunja mikono, ametulia, kama mtu ambaye hana tena kazi pale.