Kutu ya Upanga wa Mzee Kwesi

Mzee Kwesi alikuwa haoni tena, na mimi nilikuwa mtunzaji wake nyumbani kwake, mtaa wa Shaw. Kiswahili alijifunza chuoni, na upanga wake wa kale aliununua Japani akiwa mwanajeshi. Jumanne alinielekeza kutoa kijiti cha mwanzi kinachoshika mpini, niuvue mpini na kufuta vumbi. Chuma cha upanga kilichokuwa ndani ya mpini nikakikuta kimejaa kutu. Mama yangu hakuvumilia hata sufuria yenye doa. Nikakisugua kwa waya wa kusugulia sufuria mpaka kikang'aa.

Alipokipapasa, kidole chake kikasimama.

"Chepkirui, kutu iko wapi?"

"Nimeitoa, Mzee."

"Miaka mia tatu hakuna aliyeigusa. Mhunzi alichonga jina lake hapo, na kutu ndiyo ushahidi wa umri wa upanga."

Zamu yangu ilikuwa imebakiza muda wa saa tano. Sikuruhusiwa kumwacha peke yake, naye hakuweza kuinuka kitandani anikimbie. Nilikaa kitini, yeye akageukia ukuta. Chakula alikataa.

Jioni akauliza, "Jina bado lipo?"

"Lipo, ila siwezi kulisoma."

"Hata mimi sijui kulisoma. Lete."

Nikamshika kidole, nikakipitisha taratibu kwenye kila mchongo.

"Mwizi wa kutu wewe," akasema. "Rudisha mpini kabla Kamaria hajaja."

Kamaria ni binti yake. Hatukumwambia. Mzee alifariki Ijumaa. Leo Kamaria amenionyesha upanga alioutundika ukutani, akanishukuru kwa kuutunza vizuri. Nimeitikia tu.