Kituo cha Tatu

Zahira, mtoto wa binti yangu Noorbanu, alikuja kwetu Richmond Hill, nje kidogo ya Toronto, siku ya Jumanne wakati wa chai. Akaketi mbele yangu, akasema kwa Kiswahili, kwani kati ya wajukuu zangu ni yeye peke yake aliyekuwa bado akinijibu kwa lugha hiyo. Wenzake hunielewa vizuri, kisha hujibu kwa Kiingereza.

“Nanabapa,” aliniita, kama tunavyomwita babu mzaa mama, “Jumamosi farasi wangu Romero anashindana kwa mara ya mwisho. Baada ya hapo anastaafu. Njoo unione.”

“Nakuona sasa.”

“Hujaniona kazini. Miaka mitatu nakualika.” Alizungusha kikombe chake bila kunywa. “Njoo utazame tu. Usisahihishe.”

Nilikuwa mwalimu mkuu mjini Morogoro kwa miaka ishirini na mitatu, na sikuzoea kuwekewa masharti mezani pangu. Lakini nilijua deni langu. Zahira alipoacha masomo ya ufamasia na kwenda kutunza farasi wa Mhispania mmoja, nilisema mbele ya wageni kwamba sikuvuka bahari ili mjukuu wangu azoe mavi ya farasi. Alikuwa jikoni. Alisikia. Hivyo nikamwambia kwamba nitakuja, na kwamba nitatazama tu.

Shamba la Mhispania huyo liko mwendo wa saa moja kaskazini mwa nyumba yetu. Mwenyewe, mzee Vicent, alizaliwa katika kijiji kimoja cha jimbo la Valencia, Hispania, na kila Septemba Wahispania wa Toronto na vitongoji vyake hukusanyika kwake kuadhimisha sikukuu ya mtakatifu wa kijiji hicho. Nilikuta bendi ya tarumbeta, wazee waliovaa mashati meupe yaliyopigwa pasi vizuri, na wali ukipikwa juu ya kuni katika karai pana kama gurudumu. Katikati ya uwanja palikuwa na njia ndefu ya mchanga mzito iliyozungushiwa kamba.

Mtu aliyekuwa akipakia viroba vya mchanga kwenye mkokoteni alinisogelea. Alikuwa Évariste, Mrundi anayeishi Rexdale, mtaa wa Toronto, na kufanya kazi ghalani huko siku za wiki, kisha hapa shambani mwishoni mwa wiki.

“Karibu, mzee. Wewe ndiye babu yake Zahira?”

“Ndimi.”

“Ah. Yule mwalimu.” Alicheka kidogo. “Tunakufahamu sana hapa. Akikosea kufunga hatamu tunamwambia, leo babu yako angekunyima chakula.”

“Sikuwahi kumnyima mtu chakula.”

“Basi ulimnyima nini?”

Kisha akaigeukia njia, akanieleza taratibu. Farasi mmoja hukokota mkokoteni kutoka mwanzo hadi kigingi cha mwisho. Njiani kuna vituo vitatu. Katika kila kituo farasi sharti asimame kabisa, watu wanyamaze, kisha aondoke kwa neno la mwongozaji wake. Kumpiga ni marufuku.

“Mwongozaji akiona mnyama wake amefika mwisho wa nguvu, anainua kitambaa. Tunamfungua, basi. Hakuna aibu.”

“Kuishia njiani hakuna aibu?”

“Kwa farasi, mzee, hakuna.”

“Na neno lenyewe ni lipi?”

“Ngoja utasikia. Farasi wa mjukuu wako anajua Kiswahili kuliko watoto wangu wanne.”

Zahira aliingia akiwa na Romero, farasi wa rangi ya kahawia iliyoiva, mwenye kifua kama mlango wa ghala. Mjukuu wangu alikuwa na kitambaa cha buluu shingoni. Hakunitafuta kwa macho. Alisimama kando ya sikio la mnyama, uwanja ukanyamaza, nami nikasikia:

“Haya, Romero. Usiishie njiani. Twende.”

Yalikuwa maneno yangu. Alipokuwa na umri wa miaka saba nilimketisha mezani kila jioni na hesabu za kuzidisha, na kila alipoinua kalamu nilimwambia hayo hayo. Nilidhani ameyasahau, au anayachukia. Kumbe alikuwa ameyachukua akampa kiumbe aliyempenda kuliko wote. Nilishika kamba kwa mikono miwili.

Romero alifika kituo cha kwanza, akasimama. Alifika cha pili. Kati ya cha pili na cha tatu alipiga magoti mara moja, na Évariste akaniambia nisihofu, farasi wa mchezo huu huvuta hata kwa magoti. Akainuka, akafika.

Katika kituo cha tatu Zahira aliweka kiganja kwenye kifua cha Romero, kisha sikio. Alikaa hivyo muda mrefu. Kigingi cha mwisho kilikuwa mbele yao hatua tisa tu, nilizihesabu. Ndipo nilipomwona akikifungua kitambaa shingoni.

Nilikuwa nimeelezwa maana yake. Siwezi kusema sikujua. Lakini nilichokiona wakati ule hakikuwa farasi aliyechoka. Nilimwona mtoto aliyebakiza hatua tisa afike mwisho naye akataka kuacha, kama alivyoacha chuo. Nikaita kwa sauti niliyoitumia miaka yote ile kwenye mstari wa asubuhi:

“Haya! Usiishie njiani! Twende!”

Masikio ya Romero yaligeuka upande wangu. Zahira alisema, “Tulia, tulia,” lakini magurudumu yalikwisha kuondoka. Romero alivuta hatua zote tisa. Alipokipita kigingi alipiga magoti, na watu wakashangilia wakidhani ni mchezo wenyewe. Nami nilipiga makofi. Nilisema, “Hodari.” Kisha Romero akalala ubavu.

Daktari wa mifugo hakukaa sana. Alisema ni moyo, umesimama. Mzee Vicent alivua kofia, akaenda mwenyewe kuinyamazisha bendi. Évariste alipiga magoti akafungua mikanda ya shingoni polepole, kama anayemvua mgonjwa viatu.

Zahira alikuja hadi kwenye kamba, kitambaa kikiwa bado mkononi.

“Niliusikia moyo wake, Nanabapa. Nilikuwa nainua.”

Palikuwa na mambo mengi ya kusema. Mimi nilisema, “Alimaliza, Zahira.”

Alinitazama bila hasira, akarudi kwa farasi wake.

Hakuja kwetu mwezi wote wa Oktoba. Alikuja Novemba, siku ya kuzaliwa ya mama yake. Alimbusu Noorbanu, akawasaidia wadogo zake kupanga sahani, kisha akaniletea chai, sukari kijiko kimoja kama ninavyopenda. Nilikuwa nimeyaandaa maneno yangu tangu asubuhi, hata nikayaandika.

“Zahira, nilikukosea. Nilikukosea siku ile, na siku ile ya wageni pia. Nisamehe.”

Alikiweka kikombe mahali pake, akakigeuza ili kishikio chake kielekee upande wangu. Alijibu kwa upole kwamba ni sawa, kwamba ninywe chai kabla haijapoa. Alijibu kwa Kiingereza.

Sikumsahihisha.