Tupa na Leza

Mikono ya mzee mhunzi ilipoanza kutetemeka, alizima tanuri lake akakaa nyumbani, kimya kama maji ya mtungini. Bintiye, fundi wa mashine ya leza kiwandani, alishindwa kuvumilia kimya kile. Asubuhi moja alimshika mkono akampeleka kazini kwake.

Alimvisha miwani ya kujikinga, akaweka gia ya chuma ndani ya mashine, akaiwasha. Kupitia kioo cheusi mzee aliona nukta ya mwanga ikitambaa juu ya meno ya gia, ikiacha nyuma yake mstari wa samawati.

“Na maji ya kuipozea gia yako wapi, mama?”

“Hayahitajiki, baba. Moto unaishia kwenye ngozi tu. Ndani bado ni baridi, na baridi hiyo ndiyo inayoupoza upesi. Juu chuma kinakuwa kigumu, moyoni kinabaki kilivyokuwa, kwa hiyo hakivunjiki ovyo.”

“Maneno matamu hayo. Lete tupa nikisugue, nione kama kweli ni kigumu.”

Tupa ilipoletwa, mikono ilimtetemeka mno. Binti akaifunika kwa yake, wakasugua pamoja. Tupa iliteleza kama juu ya kioo, haikung'ata hata chembe. Mzee akacheka mpaka miwani ikamshuka puani.

“Kimeiva!” alisema. “Kwani mmebakiwa na ngapi?”

“Sanduku zima, baba.”

“Basi nipe kiti.”

Tangu hapo gia zikitoka mashineni, yeye ndiye wa kwanza kuzipima, na asiporidhika, hata meneja anasubiri.