Dakika Tatu za Verlene Mapp

"Hivi wewe Verlene, unangoja barabara ikuue na wewe ndiyo uache kutembea?"

Dorothea Pinkard ndiye aliyeuliza hivyo, mwezi wa Mei, wakiwa wameketi barazani kwake wakimenya maharage. Walikuwa majirani kwa miaka ishirini na sita, na Dot hakuwa mtu wa kupima neno kabla ya kulitoa. Lakini hili lilipomtoka alijiziba mdomo kwa kiganja, maana wote wawili walijua barabara ilikuwa imeshamuua nani. Roscoe, mumewe Verlene, aligongwa na lori la magogo kwenye Barabara ya Sandhill miaka minne nyuma, akirudi kwa miguu kutoka duka la dawa. Barabara ile haina njia ya waenda kwa miguu. Kuna mstari mweupe, kuna majani, kisha mtaro.

"Nyumba ya wazee haitahama inifuate, Dot," Verlene alijibu, akaendelea kumenya. "Lazima niifuate mimi."

Alikuwa akifua mashuka kwenye nyumba ya wazee iliyo mwisho wa barabara hiyo. Zamani Dot alikuwa akimpeleka kwa gari lake, mpaka jimbo la Georgia lilipompima Dot macho na kumnyang'anya leseni. Tangu hapo Verlene alitembea, dakika hamsini kwenda, dakika hamsini kurudi. Mvua ilimchelewesha mara mbili, na msimamizi alimwambia bila kumung'unya maneno kwamba ya tatu itakuwa ya mwisho. Basi la jiji lilikuwapo, lakini liliishia mpakani mwa kaunti yao, Kaunti ya Halsey. Dereva alikuwa akigeuzia kwenye kituo cha mafuta, kana kwamba baada ya pale Mungu hakuumba kitu.

Ndipo ikaja habari ya kodi. Kaunti kumi zingepiga kura pamoja: kila dola itakayotumika dukani iongezwe senti moja, kwa miaka kumi, na fedha hizo zijenge barabara na madaraja na kuleta mabasi. Orodha ya kazi zitakazofanywa iliwekwa maktaba. Verlene alikwenda akaisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, na ukurasa wa tisa akakuta: basi, Barabara ya Sandhill, hadi hospitali. Hospitali ilitazamana na nyumba ya wazee. Aliinamisha kichwa palepale mezani akashukuru, mkutubi akadhani ameugua.

Dot hakushukuru.

"Senti hiyo watakutoza mpaka kwenye unga wa mahindi, shoga yangu. Mpaka kwenye kuku. Tajiri anakula kuku wangapi kwa siku? Ana tumbo moja kama wewe. Basi mtachangia sawa, yeye na magari yake matatu, wewe na viatu vyako."

"Nitachanga."

"Utachanga! Kisha wale matajiri wa upande wa kaskazini ndio wataamua pa kujenga."

"Basi limo kwenye orodha, Dot. Nimeliona kwa macho yangu."

"Hata mimi nilikuwa kwenye orodha ya Elroy Banks mwaka wa sabini na nane. Akamwoa Willa."

Verlene alicheka mpaka chai ya barafu ikampanda puani. Lakini hakubadili nia.

Kwenye kanisa lao la Kalvari Mpya aliyeshughulikia habari hii alikuwa Shemasi Alvester Tuggle, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, mtu wa suti ya kijivu na sauti ya kujaza ukumbi bila kipaza sauti. Jumapili moja baada ya ibada alimsimamisha Verlene karibu na piano.

"Dada Verlene, Alhamisi madiwani wa kaunti wanasikiliza watu kuhusu kodi. Unajua utaratibu wao?"

"Nimesikia kila mtu ana dakika tatu."

"Tatu tu. Unaanza kulia, kengele inalia pamoja nawe." Alitabasamu. "Lakini mtu anaruhusiwa kumwachia mwenzake dakika zake. Nikipata za watu sita, nitasimama dakika ishirini na moja. Hapo watatusikia."

Verlene alikuwa ameandika neno lake nyuma ya karatasi ya ibada, sentensi saba. Alikuwa amezisoma mbele ya kioo mara nyingi. Lakini kanisani mwao ndivyo ilivyokuwa siku zote: kina mama wanapika, wanashona, wanachangisha, wanafunga na kuomba, ikifika kuzungumza na watu wa nje, shemasi ndiye anayesimama. Hata Roscoe alipokufa, aliyezungumza na polisi alikuwa Tuggle.

"Utawaambia habari ya Roscoe?"

"Ndiyo nitakayoanza nayo."

Akampa ile karatasi. Tuggle aliikunja akaiweka ndani ya Biblia yake, na Verlene akaona kwamba imewekwa mahali pema.

Alhamisi, saa kumi na mbili jioni, jua la Julai lilikuwa bado linachoma madirisha ya ukumbi wa shule. Mlangoni palikuwa na meza yenye kadi za rangi mbili. Anayeunga mkono kodi anajaza kijani, anayepinga nyekundu. Verlene alichukua kijani, na chini kabisa akaandika kwa mkono wake: dakika zangu nampa Shemasi A. Tuggle. Dot alichukua nyekundu. Wakaketi goti kwa goti, Dot akijipepea kwa pepeo la karatasi lenye tangazo la nyumba ya mazishi.

Mzee mmoja wa kizungu mwenye kofia alisimama akasema basi litawaletea wezi.

"Mwizi gani anangoja basi, babu?" Dot alipaza sauti. "Asimame kituoni na friji mgongoni?"

Watu wakacheka, hata diwani mmoja. Mwenyekiti wa madiwani akagonga meza.

Kisha akaitwa Tuggle. Mwenyekiti akasoma majina sita ya waliomwachia dakika zao, na la Verlene likawa la kwanza.

Tuggle alianza na Roscoe, kama alivyoahidi. Alisema ndugu yetu Roscoe Mapp alikuwa baba, fundi bomba, mwimbaji wa sauti ya besi, na maneno yalikuwa ya Verlene kabisa, yale ya sentensi saba. Dot alimshika Verlene mkono.

"Na kilichomuua," Tuggle alisema, "ni wembamba wa barabara ile. Kwa hiyo napongeza orodha mpya waliyokubaliana waheshimiwa juzi Jumanne. Sandhill ipanuliwe iwe ya njia sita, na itobolewe njia ya kutokea barabara kuu, pale penye shamba la kanisa letu. Maduka yatakuja. Ajira zitakuja. Basi limewekwa awamu ya pili, fedha zikibaki. Sisi wa Kalvari Mpya tunaweza kungoja. Kodi hii tunaiunga mkono."

Shamba lile Verlene alilijua. Alikuwa amesimama juu ya mafuta ya moto Jumamosi kumi na nne, akikaanga kuku wa kuuza kwa sahani, ili linunuliwe.

Tuggle aliendelea mpaka dakika zote zikaisha, akapigiwa makofi. Verlene akasimama.

"Mheshimiwa mwenyekiti, naomba dakika zangu."

"Jina lako, mama?"

"Verlene Mapp. Huyo aliyetajwa ni mume wangu."

Mwenyekiti alipekua kadi zake. Hakuwa mkali, na upole wake ndio uliouma. "Pole sana, mama. Lakini ulizitoa mwenyewe, na zimeshatumika."

"Achukue zangu!" Dot alikuwa ameshainuka. "Mimi ninazo tatu nzima!"

"Kadi yako ni nyekundu, bibi. Dakika hizo ni za kupinga. Akizichukua, naye ataandikwa anapinga."

Verlene alibaki ameshika mgongo wa kiti. Kodi ikishindwa, basi halitakuja kabisa. Kodi ikipita, zitakuja njia sita, na yeye atakuwa akitembea pembeni mwa njia hizo asubuhi na jioni, na mvua moja tu ikimtenga na kufukuzwa. Alimtazama Tuggle. Tuggle alimtikisia kichwa taratibu, kama anavyowatikisia watoto wanaonong'ona wakati wa sala.

"Dada Verlene, keti," alisema kwa sauti ya chini. "Haya tutayaongea nyumbani, kanisani."

"Nyumbani ndiko nilikokupa ile karatasi," Verlene alisema.

Akatembea na dakika za Dot mpaka kwenye kipaza sauti. Kilikuwa kimewekwa kwa kimo cha Tuggle, na hakuna aliyekuja kukishusha, akalazimika kuinua kidevu.

"Nilikuja kusema ndiyo," alisema. "Kila mtu hapa ajue hivyo. Ningelipa hiyo senti hata kwenye chumvi. Lakini mume wangu hakuuawa na wembamba wa barabara. Aliuawa kwa sababu alikuwa anatembea, na hapakuwa na mahali pa kutembea. Sasa mkiweka njia sita, niambieni, mimi nivukie wapi?"

Madiwani saba walimtazama. Mmoja alikunywa maji.

"Mama, leo hatujibu maswali," mwenyekiti alisema. "Tunasikiliza tu."

"Nimeona."

"Bado una zaidi ya dakika mbili."

Karani, msichana mwenye nywele nyekundu, aliinua kalamu yake, akamtazama mwenyekiti, kisha akamtazama Verlene.

"Niandike anapinga?"

Nyuma yake Verlene alisikia benchi la Kalvari Mpya likiguna, watu aliokula nao na kuzika nao. Alisikia Tuggle akiita jina lake mara moja, bila lile neno dada. Alifikiria ukurasa wa tisa, na jinsi alivyousoma kwa kidole.

"Andika," alisema.

Akachukua mkoba wake alioutua sakafuni penye kipaza sauti. Tuggle alinyoosha mkono kumzuia kwenye kijia kati ya viti, Verlene akaupita. Dot alisogeza magoti ampishe aketi, naye akampita. Akausukuma mlango wa pembeni, akatoka.