Ngoma ya Kumnyamazisha Zaida

Kionga palikuwa na watu wenye akili, sikatai, ila siku ile walikuwa wamezisahau nyumbani. Vita vilikuwa vimeingia mwaka wa tatu, Mreno anachoma vijiji, na kila mwenye miguu alitaka kuvuka Ruvuma aende Tanzania. Mwenye mtumbwi mkubwa alikuwa mzee Faquir, ambaye tena ndiye fundi wa pepo. Basi mtu kama huyo nani atamweleza kitu?

Faquir alisema Zaida hapandi. Zaida, mtoto wa Latifa, alikuwa na miaka saba na hajatamka neno tangu azaliwe. Kutwa alijiyumbisha na kupanga kombe za chaza mchangani, na ukimgusa ghafla alipiga ukelele wa kusikika hadi mjini Palma. Ukelele ule mtoni, askari wakiwa doria, ungewaua wote. Hilo hata Latifa alilijua.

"Mtoto ana pepo," Faquir akasema. "Pepo asipotoka, mtoto utamwacha kwa bibi yake." Nuro, shemeji yake Latifa, akaitikia kwa kichwa, maana kuitikia ndiyo kazi pekee aliyoiweza.

Sasa sikieni ujinga. Mtoto asiyestahimili kelele, wakamletea ngoma. Mtoto asiyetaka kuguswa, wakamkamata mikono na miguu, wakamfukiza ubani, wakampigia masikioni mchana kutwa. Zaida alilia mpaka sauti ikamkauka, akajing'ata mkono ukatoka damu. "Mnaona pepo alivyo kaidi," Faquir akasema, na watu wazima wenye ndevu zao wakatikisa vichwa. Latifa aliwatazama mmoja mmoja, akawadharau wote, na mimi simlaumu.

Yeye alimjua mwanawe. Zaida akiviringishwa kaniki, ikakazwa barabara, akalazwa kifuani pa mama yake, hutulia kabisa. Alishawaeleza. Faquir alicheka tu: "Pepo hatolewi kwa nguo, mama Zaida."

Alfajiri, ukungu umelala juu ya maji, Latifa akashuka mtoni amekumbatia furushi la kaniki.

"Mtoto je?" Faquir akauliza.

"Nimemwacha kwa bibi yake."

"Umefanya la busara."

Akampandisha. Bingwa wa kuona majini ya baharini, mtoto wa miaka saba mbele ya pua yake hakumwona.

Katikati ya mto wakasikia mashine ya boti ya askari. Faquir meno yakamgongana. Latifa akazidi kukaza kaniki, akambana mwanawe kifuani kwa nguvu zake zote. Ndani ya furushi kimya. Ile boti ikapita, mashine ikasikika kwa mbali, ikapotea.

Ng'ambo Latifa akafungua kaniki, watu wakashika midomo. Faquir alifadhaika kidogo tu, debe tupu halikosi la kusema.

"Si niliwaambia? Ngoma yangu hiyo. Pepo ametoka."

Na wale watu, Mungu awasamehe, wakamshukuru. Nuro akambusu mkono. Faquir akaunyoosha mkono uleule, akamshika Zaida kichwani, awaonyeshe alivyopona.

Zaida akapiga ukelele, ndege wakaruka mikokoni.

Latifa hakumnyamazisha. Upande huu mtoto wake alikuwa na ruhusa ya kulia.

"Toa mkono wako, mzee," akasema. "Pepo ni huo."

Faquir akautoa. Latifa akamviringisha mwanawe upya, akambeba, akashika njia ya kambi ya wakimbizi bila kumuaga mtu.