Picha Tatu za Paja la Kulungu

Simpendi mtu anayeleta chakula kabla hajasema shida yake. Colby Renfro aliingia kliniki kwetu Jumanne ya pili ya Novemba amebeba sanduku la pai za nyama, za moto bado, kutoka duka lile lile ninalonunua mimi, na juu yake chupa mbili za ketchup. Mtu mwenyewe anatoka Kansas City, mbali na huku. Nani alimwambia kwamba huku kwetu migodini watu hugombana kama pai inaliwa na ketchup au na mchuzi, na kwamba kwenye kliniki ya Daktari Niskala sote ni watu wa ketchup? Nilikula, sikatai, tena nilikula mbili, lakini kila tonge nilikuwa namtazama.

Alikuwa anauza mashine ya eksirei ya moja kwa moja, ile yenye mkono uliopinda unaomzunguka mgonjwa kitandani, ili daktari aone ndani ya mwili wakati sindano inaingia. Kliniki yetu inaishi kwa mashine hiyo. Watu wa hapa wameharibu migongo yao kwenye machimbo ya chuma, na Daktari Arvid Niskala huwachoma dawa karibu kabisa na uti wa mgongo, mahali ambapo sindano ikipotea kidogo tu mtu hainuki tena. Yeye anachoma, na mimi, Marlys Skorich, naendesha mashine. Huu ni mwaka wetu wa kumi na tisa.

Sasa, mashine yetu ya zamani ilikuwa nzima. Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipoanzia. Daktari alikuwa akilalamika kila wiki kwamba picha ina ukungu. Fundi alikuja mara mbili kutoka Duluth, akafungua kila kitu, akafunga, akasema haina tatizo. Mara ya pili alinivuta pembeni. "Hivi dokta wako anataka nini hasa?" aliniuliza. Nilipomwona Renfro na pai zake nikajua nimepata jibu: anataka kisingizio cha kununua mpya.

Siku hiyohiyo baada ya chakula, niliwaona kupitia dirisha la mapokezi. Daktari Niskala na Renfro walikuwa wamekaa ndani ya gari la Renfro, injini inanguruma, vioo vimeingia ukungu, kwa zaidi ya nusu saa. Daktari huyu hata theluji ikifika magotini hakubali lifti ya mtu. Alhamisi nikaona mezani kwake kadi ya kampuni ya Renfro: mwaliko wa siku tatu kwenye kibanda cha kuvulia samaki juu ya barafu, chakula na vinywaji juu yao. Nikaisoma mara mbili, nikairudisha ilivyokuwa. Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto.

Ningeweza kunyamaza, kwa kuwa kliniki ni yake na pesa ni zake. Lakini Jumatatu mdogo wangu Eldon alikuwa kwenye orodha, sindano ya shingo. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekufa ganzi, hawezi kushika hata kikombe, na alikuwa amesubiri zamu yake wiki saba. Na Ijumaa asubuhi daktari, Renfro akiwa pembeni yake, akatangaza kwamba mashine ya Renfro itakaa kwetu kwa majaribio, na mgonjwa wa kwanza kuitumia atakuwa Eldon. Eti kwa kuwa ni ndugu yangu, hatanung'unika akicheleweshwa. Nikasema moyoni, shingo ya mdogo wangu haitajaribiwa chini ya mashine iliyonunuliwa kwa safari ya samaki.

"Kabla ya mtu yeyote, tuijaribu Jumamosi," nikasema. "Kliniki imefungwa, tuna nafasi."

"Wazo zuri sana, mama," Renfro akasema. "Nina mgongo wa plastiki kwenye gari. Picha inatoka utafikiri umeichora kwa kalamu."

"Usiniite mama, sijakuzaa. Na huo mgongo wako uache hukohuko kwenye gari. Nitaleta wangu."

Daktari alikubali haraka mno, bila kuuliza nitaleta nini. Hilo nalo nikaliweka akilini.

Jumamosi asubuhi nilifika na paja la kulungu limefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Mume wangu alimpiga kulungu huyo wiki ya kwanza ya msimu, na nilikuwa nimelitoa paja kwenye friza tangu Alhamisi usiku liyeyuke kwa ajili ya chakula cha Jumapili. Nyama nene, mfupa mkubwa ndani, linafanana na mwili wa mtu kuliko plastiki yoyote ya dukani. Nikalilaza mezani, nikachukua sindano yetu ndefu ya mgongo na kuichoma mpaka ncha ikasimama kando ya mfupa.

Renfro akalitazama. "Huyu ni nani?"

"Mgonjwa wako."

"Mbona hapumui?"

"Wiki mbili sasa. Lakini hajaleta malalamiko yoyote."

Akacheka. Mimi sikucheka. Nikapiga picha ya kwanza kwa mashine yetu ya zamani. Mfupa ulionekana, sindano ilionekana, ncha ilionekana. Nilitafuta huo ukungu kila pembe ya skrini na sikuuona. Tukaisukuma ya zamani kando, tukaleta yake. Picha ilikuwa nzuri, tena nzuri kupita kiasi, inang'aa kama sahani iliyooshwa. Ndipo nikagundua kwamba kwenye kona ya chini ya skrini, pale ambapo mashine huonyesha kiasi cha mionzi inayotoka, pamebandikwa nembo ya kampuni yake, kubwa kama kiganja.

"Hiki kinafanya nini hapa?"

"Ah, hicho ni cha matangazo tu."

Nikakibandua kwa ukucha. Namba iliyokuwa chini yake ilikuwa mara nne ya ile ya mashine yetu. Picha iling'aa kwa sababu mashine ilikuwa inamwaga mionzi kama bomba lililopasuka, na anayesimama pembeni ya bomba hilo kutwa nzima ni mimi na daktari, na anayelala chini yake ni mgonjwa.

"Wewe mwongo," nikamwambia.

Renfro akawa mwekundu mpaka shingoni. "Kibandiko ni changu, nakubali. Lakini kiwango sikukiweka mimi. Dokta ndiye aliyeniomba niweke juu kabisa. Mwulize."

"Ndiyo mliyokuwa mnapanga kwenye gari?"

"Kwenye gari alitaka kuona picha kwenye kompyuta yangu. Alisema hapa ndani kuna mwanga mwingi." Akasita. "Alikuwa anaisogeza karibu na uso hivi. Nikadhani amesahau miwani."

Sikumwamini hata neno moja. Mtu aliyefunika namba atashindwaje kutunga hadithi? Nikamlazimisha ashushe kiwango mpaka kile cha kawaida, nikapiga picha nyingine. Ilikuwa safi ya kutosha, inafanana na ya mashine yetu. Sasa nilikuwa na picha tatu za paja moja na sindano moja: ya mashine ya zamani, ya mashine mpya kwa kiwango cha kawaida, na ya mashine mpya kwa ile mionzi ya juu ya Renfro. Nikaziweka kwenye kompyuta ya ofisini bila majina, moja, mbili, tatu. Nikamwambia Renfro akae kwenye kiti cha nyuma, karibu na mlango, mikono mapajani.

"Kwa nini nyuma?"

"Ili usimkonyeze."

Mpango wangu ulikuwa mwepesi. Daktari angekuja, angechagua. Akichagua ya zamani bila kujua, nitamwuliza anabadilisha mashine ya nini. Akiitaja ya Renfro haraka haraka bila kuangalia vizuri, basi wameshapeana ishara. Kwa njia yoyote ningemkamata, na shingo ya Eldon ingekuwa salama. Nilijiona mjanja sana asubuhi ile.

Daktari Niskala akaja saa nne, amevaa sweta lake la kijivu, akatusalimia na kukaa mbele ya skrini. Akatazama picha ya kwanza. Akatazama ya pili na ya tatu. Alichukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Zote zina ukungu," akasema. "Ya tatu ina nafuu."

"Kwenye hiyo ya tatu, ncha ya sindano iko wapi, Dokta?"

Niliuliza kwa kumtega tu, ili aseme zaidi. Akanyoosha kidole, akakigusisha kwenye skrini. Nyuma yangu nikasikia Renfro akikohoa. Kidole cha daktari kilikuwa upande wa pili wa mfupa. Pale alipogusa hapakuwa na kitu, ilikuwa nyama tupu.

"Na kwenye ya kwanza?"

Akagusa mahali pengine kabisa. Ilikuwa sindano ileile, paja lilelile, wala halikusogea. Kisha akavuta mkono wa sweta juu ya kiganja na kuanza kufuta skrini, taratibu, duara kwa duara.

"Kioo kina mafuta," akasema. "Nani ameshika hapa?"

Kioo nilikuwa nimekifuta mwenyewe asubuhi. Niligeuka kumtazama Renfro, na kwa mara ya kwanza sura yake haikuwa ya mtu anayeuza kitu. Alikuwa anamwangalia daktari kwa huruma, na huruma ile ilinitisha kuliko uongo wake wote.

Ndipo nikakumbuka jinsi tunavyofanya kazi. Kila sindano, kabla ya kusukuma dawa, daktari husimama na kuniuliza, "Unaonaje, Marlys?" Na mimi husema, bado kidogo, njoo kulia, rudi, hapo hapo. Zamani hakuwa akiuliza. Alipoanza nilifurahi. Nilimwambia mume wangu, unaona, baada ya miaka yote hii ameanza kuniheshimu. Nilinenepa kwa sifa.

"Bwana Renfro," nikasema, "tuachie nafasi."

Akatoka bila kubishana. Sikumwomba radhi. Kibandiko bado kilikuwa chake.

"Dokta, umeenda kwa daktari wa macho?"

Akaacha kufuta kioo. "Minneapolis. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mionzi." Akatabasamu kidogo, bila furaha. "Ile miwani ya risasi, ya kuzuia mionzi, niliwapa wageni wavae. Ilikuwa inanibana pua."

"Na kutibiwa?"

"Machi. Nimepanga Machi. Upasuaji mdogo tu, watu wanarudi kazini. Nilikuwa natafuta mashine ya kunivusha mpaka hapo, basi. Nikifunga sasa hivi, wagonjwa wote hawa wataenda wapi? Duluth wana foleni ya miezi mitano."

"Kwa hiyo Jumatatu ungemchoma Eldon shingoni."

"Ungekuwa pembeni yangu, Marlys."

Alisema kwa upole, kama mtu anayekusifu, nami nilitamani kumpiga kwa lile paja. Nilikuwa nimekuja kumkamata mla rushwa. Ningemweza mla rushwa. Huyu alikuwa mtu aliyetibu nusu ya mji, anayekumbuka majina ya mbwa wa wagonjwa wake, na alikuwa anaingiza sindano kwenye shingo za watu kwa kufuata sauti yangu.

"Na kama siku moja ningekohoa?" nikamwuliza. "Kama ningesema kulia nikimaanisha kushoto?"

Nikavuta orodha ya Jumatatu, nikachukua simu ya mezani, nikampigia Eldon kwanza. Niliwasha spika ya simu kwa makusudi, daktari asikie.

"Dada, usiniambie mnaniahirisha."

"Nakuahirisha."

"Wiki saba, Marlys! Jana nimejimwagia kahawa suruali nzima, mtoto wangu akanicheka. Kwa nini?"

Nikafungua mdomo kusema mashine ina hitilafu. Ndivyo tunavyowaambia watu siku zote, na wanakubali. Neno lilikuwa ulimini. Daktari Niskala akanyoosha mkono, akaisogeza simu kwake, ingawa alilazimika kuipapasa kwanza.

"Eldon, ni Arvid Niskala. Mashine ni nzima. Macho yangu ndiyo mabovu. Sioni ncha ya sindano."

Upande wa pili kulikuwa na sauti ya televisheni, watu wanashangilia mchezo wa hoki. Kisha Eldon akaizima.

"Tangu lini?"

"Zaidi ya mwaka."

"Zaidi ya mwaka? Sasa ulikuwa unawachomaje watu?"

Daktari alinigeukia. Alikuwa anatazama kidogo kando ya uso wangu, sasa niliona wazi, na sikujua nimewezaje kutoliona hilo siku zote.

"Nilikuwa namwelekeza mimi," nikasema. "Nilikuwa namwambia sindano iko wapi. Sikujua kwamba haoni."

Nilimsikia Eldon akisimama kutoka kitini.

"Na mama?" akauliza. "Ile sindano aliyochomwa hapo kwenu mwezi wa tano?"

"Na mama," nikasema.